Homa kwa mtoto mwenye saratani ya damu: antibiotiki ndani ya dakika 60 na siku zinazofuata

Kila wodi ikipokea wauguzi na madaktari wapya, maswali ni yale yale. Tusubiri majibu ya maabara? Seftriaksoni haitoshi? Homa ikiendelea siku ya pili tubadilishe dawa? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu mtoto anapoingia mlangoni hadi siku dawa inapositishwa. Umeandikwa kwa ajili yako unayepokea mtoto mwenye lukemia au limfoma (saratani ya tezi za limfu) aliye kwenye tibakemikali, yaani kemo.

Nadharia ni fupi. Neutrofili ndizo chembe nyeupe zinazokula bakteria, na usaha kwa sehemu kubwa ni mabaki yake. Zikiisha, maambukizi hayana sura: kidonda hakitungi usaha, nimonia inaweza isionekane kwenye picha ya kifua, na mkojo wenye bakteria unaweza kukosa chembe za usaha. Inabaki homa peke yake, na kati ya homa hiyo na mshtuko zinaweza kupita saa chache tu. Hii ndiyo sababu tunatoa dawa kwanza, kisha tunatafuta chanzo.

Homa ni ipi?

Ni joto la nyuzi 38.3 mara moja, au 38.0 linalodumu kwa saa nzima. Wodi nyingi za watoto huhesabu 38.0 ya kwapani mara moja kuwa inatosha, kwa kuwa kwapa husoma chini kidogo ya joto halisi. Fuata kipimo cha wodi yako, lakini usikipandishe. Mambo matatu husahaulika:

- Joto lililopimwa nyumbani linahesabika. Mama akisema alipima 38.6 alfajiri na sasa mtoto ana 37.1, huyo ni mtoto mwenye homa. Muulize kama alimpa parasetamoli njiani.
- Mtoto aliye kwenye steroidi, yaani deksamethasoni au prednisoloni, anaweza kuwa na bakteria kwenye damu bila joto kupanda kabisa. Akilegea, akiumwa tumbo au mapigo yakienda mbio bila sababu, mhudumie kama mwenye homa.
- Joto chini ya 36 kwa mtoto anayeonekana mgonjwa ni baya sawa na la 39, na mara nyingine baya zaidi.

Usipime joto kwa njia ya haja kubwa. Usitoe dawa ya kuweka huko wala enema. Ukuta wa utumbo wakati wa tibakemikali ni mwororo, na mchubuko mdogo tu unatosha kuwapitisha bakteria kwenye damu.

Viwe tayari kabla mtoto hajafika

Kama mzazi amepiga simu kwamba wako njiani, una muda wa kutosha kupanga trei:

- Mizani inayofanya kazi. Uzito wa mwezi uliopita haufai, watoto hawa hupungua na kuongezeka haraka.
- Kanula, au sindano maalumu ya kisanduku cha kupitishia dawa kilicho chini ya ngozi (port) kama mtoto anacho.
- Chupa za kuotesha damu, yaani kuona kama bakteria wamo, za saizi ya watoto.
- Klorheksidini asilimia 2 yenye alkoholi asilimia 70, na glavu safi.
- Chupa za picha kamili ya damu, figo, ini na madini ya damu, pamoja na kipimo cha sukari cha kidoleni. Kwenye maeneo yenye malaria, kipimo chake pia.
- Dozi ya kwanza ya antibiotiki, ikiwa ndani ya wodi. Dawa inayosubiri dirisha la famasi lifunguliwe ndiyo chanzo kikubwa cha kuchelewa.
- Faili linaloonyesha aina ya saratani, tarehe na aina ya kemo ya mwisho, mizio, na vimelea vilivyowahi kuota kwenye damu yake.

Mstari wa mwisho ndio unaorukwa zaidi. Mtoto aliyewahi kuotesha bakteria Klebsiella sugu miezi miwili iliyopita haanzi na dawa ile ile anayoanza nayo mwenzake.

Hatua ya 1: Andika saa

Andika saa aliyofika, si saa uliyomwona. Lengo ni antibiotiki iingie mshipani ndani ya dakika 60 kuanzia hapo. Mtoto hakai kwenye foleni na wengine wenye mafua na surua. Anaingizwa ndani moja kwa moja.

Hatua ya 2: Tazama kama ana mshtuko

Dakika mbili zinatosha. Gusa mikono na miguu kama ni ya baridi. Bonyeza kifua kwa sekunde 5, achia, uhesabu rangi inarudi baada ya sekunde ngapi. Zaidi ya 3 ni tatizo. Hesabu mapigo na pumzi, pima presha na oksijeni. Mwite jina, uone anavyoitikia. Presha ya mtoto huanguka mwishoni kabisa, kwa hiyo presha nzuri kwa mtoto mwenye mikono ya baridi na mapigo 170 isikutulize.

Akiwa na mshtuko: oksijeni, ita msaada, na kama presha imeshuka toa maji ya chumvi mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, ukimpima upya kila awamu kabla ya kuongeza. Sikiliza mapafu na papasa ini. Likianza kushuka chini ya mbavu au pumzi zikiongezeka, simamisha. Mahali pasipo na chumba cha uangalizi maalumu, mtoto ambaye presha yake haijashuka hapewi maji ya haraka, anaendelea na dripu ya kawaida. Watoto hawa mara nyingi wana damu kidogo, na maji mengi huizimua zaidi.

Hatua ya 3: Chukua damu, mara moja

Kama ana mpira wa mshipa mkubwa (central line), chukua damu ya kuotesha kwenye kila njia ya mpira, na uandike kwenye chupa njia ilikotoka. Ukiweza, ongeza chupa moja kutoka mshipa wa mkononi.

Sugua kichwa cha mpira au ngozi kwa klorheksidini kwa sekunde 30, kisha acha ikauke yenyewe sekunde nyingine 30. Usiipulizie, usiifute kwa pamba. Kifuniko cha chupa nacho kisafishwe kwa spiriti. Wengi huamini ni safi kwa sababu kilikuwa chini ya kizibo, na hakiko hivyo.

Kiasi kina maana. Mtoto chini ya kilo 10 atoe mililita 1 hadi 2, wa kilo 10 hadi 20 mililita 3 hadi 5, na zaidi ya hapo hadi 10, bila kupita kiwango kilichoandikwa kwenye chupa. Nusu mililita ni njia ya uhakika ya kupata jibu la "hakuna kilichoota" huku bakteria wamo. Chupa ikae kwenye joto la kawaida hadi ifike maabara, kamwe isiwekwe kwenye friji.

Mshipa ukisumbua na dakika zinayoyoma, dawa itangulie. Damu ya kuotesha ni muhimu, lakini haijawahi kumtibu mtu.

Hatua ya 4: Dozi ya kwanza

Dawa ya mwanzo lazima iwe na uwezo juu ya bakteria Pseudomonas. Hapo ndipo seftriaksoni inapoanguka: inaua E. coli nyingi na nimonia za kawaida, lakini Pseudomonas haiiwezi. Chagua moja kati ya hizi, kulingana na usugu unaojulikana hospitalini kwako:

- Piperasilini-tazobaktamu miligramu 90 kwa kilo, kila saa 6, isizidi gramu 4.5 kwa dozi.
- Sefepimu miligramu 50 kwa kilo, kila saa 8, isizidi gramu 2.
- Seftazidimu miligramu 50 kwa kilo, kila saa 8, isizidi gramu 2. Hii ni dhaifu kwa streptokoki na stafilokoki.
- Meropenemu miligramu 20 kwa kilo, kila saa 8, isizidi gramu 1. Iwekwe akiba kwa mwenye mshtuko, aliyewahi kuotesha vimelea sugu, au mwenye tumbo baya. Homa ya uti wa mgongo ikishukiwa, dozi ni miligramu 40 kwa kilo.

Dozi hizi ni za mtoto aliyevuka uchanga na mwenye figo nzima. Figo zikiwa na shida, dozi ya kwanza itolewe kamili. Zinazofuata ndizo hurekebishwa.

Mwenye mshtuko, au mahali ambapo bakteria sugu ni wengi, ongeza amikasini miligramu 15 kwa kilo mara moja kwa siku, au jentamisini miligramu 7 kwa kilo mara moja kwa siku. Vankomisini si ya kila mtoto. Ongeza, miligramu 15 kwa kilo kila saa 6, kama ngozi au njia ya mpira imeambukizwa, kama ana mshtuko, au kama ana vidonda vikali vya mdomoni baada ya kemo ya sitarabini ya dozi kubwa, kwani hapo streptokoki za mdomoni huingia kwenye damu kwa kishindo. Iingie kwa dakika 60 au zaidi. Ikikimbizwa, mtoto huwa mwekundu usoni na shingoni na presha kushuka. Ukiona hivyo simamisha, subiri, kisha rudi kwa mwendo wa nusu.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi yalipo. Mtoto wa kilo 14 anahitaji piperasilini-tazobaktamu miligramu 1,260. Kichupa ni cha gramu 4.5. Unga wenyewe unachukua nafasi ya takriban mililita 3 ndani ya kichupa. Ukiweka maji mililita 20, unapata mililita 23 hivi, na kila mililita ina miligramu 195, si 225 kama ulivyodhani. Ukivuta mililita 5.6 ukiamini ni dozi kamili, mtoto anapata miligramu 1,090 tu. Weka maji mililita 16.85, jumla itakuwa 20 kamili, kila mililita miligramu 225, na hapo 5.6 ni sahihi. Soma kipeperushi cha kichupa ulichonacho, kwa kuwa kiasi hiki hutofautiana kidogo kati ya watengenezaji. Hizo mililita 5.6 ulizovuta zijaze hadi mililita 20 kwa maji ya chumvi na upitishe kwa dakika 30.

Jambo jingine la dawa hiyo hiyo: miligramu 90 ni jumla ya dawa mbili, 80 za piperasilini na 10 za tazobaktamu. Vitabu vingine huandika piperasilini peke yake. Kabla ya kulinganisha jedwali mbili, hakikisha zinahesabu kitu kimoja.

Seftazidimu nayo ina tabia yake: ukiitia maji hutoa gesi na kichupa hujaa presha. Toa hewa kwa sindano kabla ya kuvuta, la sivyo dawa itakurukia usoni.

Jentamisini na amikasini zisichanganywe na piperasilini kwenye bomba moja la sindano wala kwenye dripu moja, zinauana. Safisha mpira kwa maji ya chumvi katikati.

Hatua ya 5: Mpime mwili mzima

Dawa ikiwa inaingia, sasa una muda. Mvue nguo. Tazama mdomo kwa tochi, pamoja na chini ya ulimi. Tazama pale mpira unapoingia na ubonyeze kando ya njia yake chini ya ngozi. Kagua mikunjo, kucha, na kila tundu la sindano la zamani, hasa mgongoni na kwenye mfupa wa nyonga walikochukua uboho. Tazama njia ya haja kubwa kwa macho tu, usiingize kidole. Muulize kama anaumia anapojisaidia, maana watoto wakubwa huona aibu kusema. Wekundu mdogo wenye maumivu makubwa ndio mtindo wa maambukizi bila neutrofili.

Maumivu upande wa kulia chini ya tumbo, tumbo kujaa na kuhara ni dalili za utumbo mpana kuvimba mwanzoni mwake. Hakikisha dawa inagusa bakteria wasiohitaji hewa: piperasilini-tazobaktamu na meropenemu zinatosha, sefepimu na seftazidimu zinahitaji metronidazoli juu yake. Mtoto asile, na daktari wa upasuaji ajulishwe mapema hata kama hapasui.

Picha ya kifua ni kwa mwenye dalili za kifua. Mkojo uchukuliwe akikojoa mwenyewe, bila mpira.

Homa imeshaandikwa? Basi parasetamoli miligramu 15 kwa kilo inaruhusiwa. Ibuprofeni na aspirini hapana, chembe sahani zake (za kugandisha damu) tayari ni chache.

Hatua ya 6: Soma picha ya damu vizuri

Neutrofili kamili ni chembe nyeupe zote zikizidishwa kwa asilimia ya neutrofili, zilizokomaa na zile changa. Chembe nyeupe 1,200, neutrofili asilimia 20 na changa asilimia 5: 1,200 mara 25 gawa kwa 100, ni 300. Chini ya 500 ni upungufu. Chini ya 100 ni hatari kubwa. Aliye na 800 leo lakini alipata kemo siku saba zilizopita huenda kesho kutwa akawa chini ya 500, mhesabu humo.

Usidanganywe na idadi kubwa. Mtoto mpya wa lukemia mwenye chembe nyeupe 60,000 anaweza kuwa na neutrofili 300 tu, zilizobaki zote ni chembe changa za saratani zisizopigana na chochote. Mashine hukosea hapa. Omba mtu wa maabara asome damu kwenye kioo kwa darubini.

Kipimo cha malaria kikiwa chanya, tibu malaria na uendelee na antibiotiki. Kimoja hakifuti kingine.

Walio kwenye hatari kubwa ni wenye lukemia ya maieloidi, wenye lukemia ya limfu walio mwezi wa kwanza wa tiba, waliorudiwa na ugonjwa, na waliopandikizwa uboho. Hawa hawatoki wodini mapema.

Hatua ya 7: Saa 24 hadi 72

Pima joto, mapigo, pumzi na presha kila saa 4, na mara nyingi zaidi siku ya kwanza. Piga simu maabara kila asubuhi, usingoje karatasi.

Homa kuendelea siku ya pili au ya tatu, kwa mtoto anayecheza na mwenye presha nzuri, si sababu ya kubadilisha antibiotiki. Homa hizi huchukua siku kadhaa kushuka hata dawa ikiwa sahihi. Kinachobadilisha dawa ni mtoto kuzorota, chanzo kipya kuonekana, au kimelea kuota kinachohitaji dawa nyingine. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosa subira, na meropenemu inaisha wodini bila sababu.

Kwa upande mwingine, ondoa kilichoongezwa bure. Baada ya saa 48 hadi 72 bila bakteria wa kuihitaji, vankomisini isimame. Amikasini na jentamisini nazo, kama mtoto ametulia.

Hatua ya 8: Saa 96

Homa ikifika siku ya nne na zaidi kwa mtoto wa hatari kubwa, fikiria fangasi. Omba picha ya CT ya kifua na ultrasaundi ya tumbo, na anza dawa: amfoterisini B ya liposomu miligramu 3 kwa kilo kwa siku, au kaspofunjini. Kama iliyopo ni amfoterisini ya kawaida, potasiamu na figo zipimwe kila siku ikiwezekana.

Tahadhari moja isiyosamehe: itrakonazoli, vorikonazoli na posakonazoli huzuia mwili kuivunja vinkristini, dawa ya kemo. Mtoto huishia na tumbo lililofunga, maumivu ya taya, udhaifu wa miguu, hata degedege. Kabla ya kuandika dawa yoyote ya kundi hilo, angalia tarehe ya vinkristini.

Hatua ya 9: Kusimamisha

Antibiotiki husimama pale damu haijaotesha kitu kwa saa 48, homa imeondoka kwa saa 24 au zaidi, na uboho umeanza kurudi, yaani neutrofili zinapanda. Mtoto wa hatari ndogo anaweza kusimamishiwa saa 72 hata neutrofili zikiwa bado chini, mradi homa imeondoka kwa saa 24, anaishi karibu na mzazi anaweza kumrudisha usiku. Kama bakteria ameota, muda unahesabiwa kwa bakteria huyo, kuanzia siku damu ilipokuwa safi.

Yanayokwama, na la kufanya

*Mshipa haupatikani.* Majaribio mawili, kisha mwite mwenye mkono mzuri. Mwenye mshtuko awekewe sindano ya mfupa bila kuchelewa. Sindano ya nyama iepukwe, chembe sahani zikiwa chache msuli hujaa damu.

*Baridi na kutetemeka dakika chache baada ya kusafisha mpira kwa maji ya chumvi.* Mpira ndio wenye bakteria. Acha kuusafisha, chukua damu humo na mkononi, toa dozi kupitia kanula, kisha antibiotiki zinazofuata zipite kwenye njia zote za mpira kwa zamu. Ikiota fangasi Candida au bakteria Staphylococcus aureus, au damu ikiendelea kuotesha baada ya saa 72 za dawa sahihi, mpira utolewe.

*Ana mzio wa penisilini.* Uliza nini kilitokea. Vipele vya siku ya tano haviizuii sefepimu. Kuvimba koo na kuzimia kunazuia piperasilini, ambayo nayo ni penisilini. Anza meropenemu ukiwa umesimama kando yake, adrenalini ikiwa tayari.

*Yuko katikati ya kemo ya metotreksati ya dozi kubwa.* Piperasilini hupunguza kasi ya figo kuitoa. Tumia sefepimu au meropenemu, na epuka jentamisini.

*Anatumia valproati kwa kifafa.* Meropenemu huishusha valproati ndani ya siku moja au mbili, na degedege hurudi. Chagua nyingine, au ongeza kinga nyingine ya degedege.

*Amechanganyikiwa siku ya tatu ya sefepimu.* Pima kreatinini, kipimo cha figo. Figo zikidhoofika dawa hii hujikusanya na kusumbua ubongo, badilisha.

*Anapumua haraka, oksijeni inashuka, mapafu yanasikika karibu safi.* Uliza kama amekuwa akimeza kotrimoksazoli ya kinga. Kama ameiacha, fikiria nimonia ya fangasi Pneumocystis na uanze kotrimoksazoli ya dozi ya matibabu siku hiyo hiyo.

*Homa imerudi siku mbili baada ya kusimamisha.* Rudi Hatua ya 1, na saa iandikwe upya.